Maswali ya Wasomaji: Nyama Isiyopita Machinjioni

Barua tulizopokea kuhusu nyama inayokuzwa maabara ni nyingi, na tumechagua tatu kwa sababu kila moja inauliza jambo ambalo nyingine hazikuligusa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina bucha hapa Dodoma. Wateja wangu wanabishana kila siku, na baadhi yao wanasema kwamba Ulaya na Marekani watu wameanza kula nyama isiyotokana na mnyama aliyechinjwa, na kwamba si muda mrefu biashara kama yangu itakufa. Je, watu wa huko wanaipenda kweli nyama hiyo? (Mwenye bucha, Dodoma)

JIBU: Ndugu yetu, bucha lako lina maisha marefu bado. Nyama unayoitaja hutengenezwa kwa kuchukua chembe hai chache za mnyama na kuzitia ndani ya matangi ya chuma yenye joto kama la mwili wake, pamoja na maji yaliyochanganywa sukari, chumvi, protini na virutubisho vingine, ili zigawanyike na kuongezeka mpaka zifanye nyama. Ulimwengu uliiona kwa mara ya kwanza London mnamo Agosti 2013, pale Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht alipokaangiwa mbele ya waandishi wa habari kipande kimoja cha nyama ya ng'ombe kilichogharimu takriban euro 250,000, fedha zilizotolewa na Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google. Walioonja walikiri kwamba inakaribia nyama, ila walilalamika kuwa haina mafuta. Singapore iliruhusu kuuzwa kwa nyama ya kuku ya aina hiyo Desemba 2020, na Marekani ikafuata Juni 2023 kwa kuzipa ruhusa kampuni za UPSIDE Foods na GOOD Meat, ambazo zilianza kwa kuuza katika mkahawa mmoja mmoja tu. Hata bidhaa iliyoingia kwenye bucha moja la Singapore mwaka 2024 ilikuwa na asilimia 3 tu ya kuku wa maabara, na sehemu iliyobaki ilitokana na mimea.

Kuhusu kupendwa, kura za maoni zinatoa picha ya watu wanaosita. Mwaka 2014 taasisi ya Pew iliwauliza Wamarekani kama wangekula nyama iliyokuzwa maabara, na ni asilimia 20 tu waliosema ndiyo. Mwaka 2023, wakati serikali yao ilipokuwa ikitoa ruhusa, uchunguzi wa shirika la habari la AP pamoja na kituo cha utafiti cha NORC ulionyesha kwamba nusu ya watu wazima hawakuelekea kuijaribu, na walipoulizwa sababu, zaidi ya nusu ya waliokataa walisema kwamba inawaonekea kitu cha ajabu. Wengi walitaja pia usalama, ingawa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kupitia maelezo ya UPSIDE Foods mnamo Novemba 2022 na kusema haina swali zaidi. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, kwa kuwa mtu anayeona kinyaa kwa chakula hatulizwi na cheti cha maabara, na wanaodhani kwamba wananchi wataikubali mara tu watakapoelezwa sayansi yake wanatibu ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Hata hivyo, kukataa huko si kwa dunia nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha nchi tatu, na waliosema kwamba kuna uwezekano mkubwa wa kuinunua mara kwa mara walikuwa karibu asilimia 59 China, asilimia 56 India na asilimia 30 Marekani, ingawa ni lazima tuongeze kwamba waliohojiwa China na India walikuwa zaidi watu wa mijini wenye elimu. Zaidi ya hayo, wote hao waliulizwa kuhusu chakula ambacho hawajakitia mdomoni wala hawajakiona bei, na jibu la namna hiyo hupima hofu na matumaini kuliko linavyopima kitakachotokea mtu akisimama mbele ya muuzaji akiwa na fedha mkononi.

Wewe mwenyewe umeliona hilo kwa kuku. Walipoingia kuku wa kisasa, walisemwa kwamba hawana ladha, kwamba wananeneshwa kwa dawa na kwamba watawadhuru watoto, na baadhi ya maneno hayo bado yanasemwa leo na watu wale wale wanaowala kila wiki, kwa sababu bei ya kuku wa kienyeji inawashinda. Hawakubadilisha imani yao, walibadilisha kapu. Nyama ya maabara ikipata kuwa rahisi kuliko ya kwako, ndipo utakapokuwa na sababu ya kutuandikia tena.

SWALI: Assalamu alaykum. Nauliza kama nyama hii ni halali, kwa sababu mimi na wanangu hatuwezi kula kitu ambacho hakikuchinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, hata kikiwa kitamu namna gani. (Mama Salma, Mombasa)

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama. Safu hii haitoi fatwa, lakini tunaweza kukueleza mjadala ulipofikia. Februari 2024 Kamati ya Fatwa ya Baraza la Dini ya Kiislamu la Singapore ilitoa maoni kwamba nyama iliyokuzwa inaweza kuwa halali ikiwa chembe zimetoka kwa mnyama anayeruhusiwa kuliwa na ikiwa kilichotumika katika kuikuza hakiachi najisi ndani yake. Jambo linalowagawa wanazuoni ni pale chembe zinapochukuliwa kwa mnyama aliye hai, kwani ipo hadithi ya Mtume inayosema kwamba kinachokatwa kwa mnyama angali hai ni kibudu. Wanaoishika hadithi hiyo kwa ukali wanataka chembe zitoke kwa mnyama aliyekwisha kuchinjwa kisheria, na hapo hoja yako ya kuchinja inarudi pale pale, ila kwa mnyama mmoja badala ya maelfu.

Jambo la pili ni seramu. Kwa miaka mingi watafiti walikuza chembe kwa kutumia seramu inayotokana na damu ya ndama aliye tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa, nayo damu inayotiririka imeharamishwa wazi katika Qur'ani. Kampuni kadhaa zimeachana na seramu hiyo, na Singapore iliidhinisha kuku wa GOOD Meat aliyekuzwa bila seramu mwaka 2023. Basi nyama mbili zinazofanana kwenye sahani zinaweza kuwa na hukumu tofauti, na swali la kumuuliza muuzaji litakuwa chembe zilitoka wapi na zililishwa nini. Mayahudi nao wamelijadili: Januari 2023 David Lau, aliyekuwa rabi mkuu nchini Israeli, aliikubali nyama ya ng'ombe ya kampuni ya Aleph Farms kwa masharti. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba viongozi wa dini wameichunguza bidhaa hii kwa utulivu kuliko wanasiasa wengi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Mtanzania nchini Italia. Kwa nini wamepiga marufuku kitu ambacho hakikuwepo hata madukani? (Msomaji, Bologna)

JIBU: Kwa sababu wafugaji na wakulima wapo, nao wana kura. Sheria ya Italia ilipitishwa Novemba 2023 kwa msukumo wa waziri wa kilimo Francesco Lollobrigida na chama cha wakulima cha Coldiretti, na anayeikiuka anaweza kutozwa faini ya hadi euro 60,000, na kwa kampuni kubwa hadi euro 150,000. Majimbo ya Florida na Alabama nchini Marekani nayo yaliweka marufuku zao mwaka 2024. Hofu ya kwamba chakula cha watu kitaishia mikononi mwa makampuni machache yenye hataza, yaani haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi, si ya kupuuzwa hata kidogo, na mfugaji wa kwetu anaweza kuielewa bila kuelezwa. Lakini marufuku hizi haziwagusi sana wakubwa wa biashara yenyewe ya nyama: Cargill na Tyson ziliwekeza katika kampuni ambayo leo inaitwa UPSIDE Foods, wakiwa tayari kuuza chochote kitakachonunuliwa.

Kwa Umoja wa Ulaya kwa ujumla, ombi la kwanza la kuruhusiwa kwa chakula cha binadamu cha aina hii liliwasilishwa na kampuni ya Kifaransa ya Gourmey mnamo Julai 2024, nalo lilihusu ini la bata. Uingereza, iliyokwisha kujitoa katika Umoja huo, iliruhusu mwaka huo huo itumike katika chakula cha wanyama wa nyumbani, na Februari 2025 mbwa wa London walianza kununuliwa vitafunwa vyenye kuku wa maabara.