Maswali ya wasomaji: mkataba, goti na ujauzito wa beki

SWALI: Binti yangu ana miaka 17, ni beki wa kati. Klabu ya ligi kuu ya wanawake inataka asaini miaka minne, vipimo vya afya vifuate baadaye. Akikutwa na tatizo, mkataba ufe. Nikubali? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Usikubali, mama. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa chini ya miaka 18 mkataba wa kulipwa usiozidi miaka mitatu. Mwaka wa nne hautambuliki. Vipimo navyo hutangulia sahihi, maana uhalali wa mkataba haupaswi kutegemea majibu ya daktari. Dai karatasi itaje mshahara, tarehe ya kulipwa na nani anagharimia matibabu, kisha ondoka na nakala siku hiyo hiyo. Mishahara ya miezi miwili isipolipwa, mchezaji huiandikia klabu na kuipa angalau siku 15. Zikipita bure, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Wengi huharibu hapa: wanasusa mazoezi kabla ya kuandika barua, na klabu inageuka kuwa mlalamikaji. Akija wakala na safari ya Ulaya, asubiri. Uhamisho wa nje ya nchi kabla ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa.

SWALI: Mabeki wetu wawili wamechanika ligamenti ya mbele ya goti bila kuguswa na mtu. Tunakosea wapi? – Kocha, Kisumu

JIBU: Kocha, bila kuguswa ndivyo inavyotokea mara nyingi, na wanawake huumia hivyo kuliko wanaume. Beki anamkimbilia mwenye mpira, anapigwa chenga, anafunga breki kwa mguu mmoja, goti linaingia ndani huku mwili ukigeuka. Tumieni FIFA 11+, mpango wa mazoezi ya kuzuia majeraha, kupasha mwili, dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki: 8 za kukimbia polepole, 10 za nguvu, mizani na kuruka, 2 za kasi na kubadili mwelekeo. Timu nyingi huzikwepa zile 10 kwa kuwa zinachosha, ilhali kinga iko humo. Simama mbele ya mchezaji anapotua. Goti lielekee vilipo vidole vya mguu. Kwa misuli ya nyuma ya paja, apige magoti, mwenzake amshike vifundo, ashuke mbele taratibu. Waanze na mara 3 hadi 5, si 15. Aliyepasuliwa asirudi mechini kabla ya miezi 9, hata akiapa kwamba haumwi.

SWALI: Nikishika mimba, klabu inaweza kunifukuza? – Beki wa kulia, Mwanza

JIBU: Hapana, dada. Tangu Januari 2021 FIFA imekataza. Una likizo ya wiki 14, angalau 8 baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili za mshahara wa mkataba. Sheria ya nchi ikitoa zaidi, hiyo ndiyo inayofuatwa. Klabu inaruhusiwa kusajili wa kuziba nafasi yako kwa muda hata dirisha la usajili likiwa limefungwa, kwa hiyo kisingizio cha kubaki bila beki hakisimami.