Kabla ya tanga jipya, tikisa usukani

Mashua yetu ni ya futi 28 na imenizidi umri. Mjomba aliponikabidhi, nilianza kwa ujinga. Kamba ya demani, ile inayoshikilia pembe ya chini ya tanga upande wa nyuma, ilikuwa ya makumbi ya nazi, imechakaa mpaka inaacha nyuzi mkononi. Nikaitupa, nikaweka ya poliesta, nene, nyeupe, inapendeza macho. Nilidhani huo ndio uzee wa chombo. Wiki ya tatu tunavuka kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu, kusi limechachamaa, upepo ukatupiga ghafla. Kamba haikunyumbuka hata kidogo. Tanga likapasuka kwenye pembe ya demani, dasi, kamba iliyoshonwa ukingoni mwa tanga, ikang'oka karibu pima nzima. Ile ya makumbi ingevutika, na ikishindwa ingekatika yenyewe. Tungeifunga fundo tukaenda zetu.

Fundi wa Nungwi aliyelishona hakunicheka. Alisema tu: "Umempa mzee meno ya kijana, sasa taya ndiyo iliyovunjika."

Tangu siku ile, mwenye chombo kikuukuu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aliache tanga kwanza, aende nyuma akatikise usukani. Tanga likipasuka utaliteremsha, utatia nanga, utapiga kasia. Usukani ukichomoka katikati ya mkondo, huna ila kufunga kasia nyuma na kumwomba Mungu.

Pandisha chombo siku za bamvua. Huku Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo ukikiegesha vizuri maji yakiwa yamejaa, yakitoka unapata saa kadhaa za kufanya kazi pakavu. Funga kana, ule mkono wa kugeuzia usukani, isicheze, kisha shika usukani chini kabisa uusukume huku na huku. Wetu ulicheza upana wa kidole kizima. Rumada ya chini, yaani bawaba inayoshika usukani, ilikuwa imelika, pini yake imebaki nyembamba kama kalamu. Na sisi tulikuwa tukipakia watu.

Sababu yake ilinishangaza. Rumada zilikuwa za chuma cha kawaida, na kabla yangu kuna mtu alizifunga kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, akiamini amefanya la maana. Ndani ya maji ya chumvi, vyuma viwili vya aina tofauti vikigusana, kimoja humla mwenzake, na anayeliwa hapo ni chuma cha kawaida. Vichwa vya bolti vilikuwa viking'aa, rumada imekwisha. Chagua aina moja ukae nayo: rumada zilizochovywa zinki na bolti zilizochovywa zinki, basi. Tena hicho kisichoshika kutu nacho usikiamini kikiwa kimezama ndani ya mbao iliyolowa. Kinajilinda kwa hewa, na mle ndani hewa haifiki. Kila mwaka chomoa bolti moja uitazame shingo yake, si kichwa.

Kana ikilegea kwenye tundu lake, wengi hupiga kabari. Nami nilipiga, mpaka kichwa cha usukani kikaanza kupasuka. Chonga kana mpya iliyojaa tundu. Mti wa kana ni rahisi kuliko mti wa usukani.

Usukani ukishatulia, sasa panda juu. Makapi yetu ya mbao, yanayopitisha kamba, nilitaka kuyatupa yote. Fundi akanizuia, akayafungua, akayaosha kwa maji yasiyo ya chumvi, akatia shahamu kwenye pini, yakazunguka. Tulibadilisha mawili tu yaliyopasuka. Ukinunua roda, yale magurudumu ya ndani ya kapi, za nailoni, kumbuka nailoni hunywa maji na kuvimba. Ikiwekwa bila nafasi, itakwama siku unayotaka kuteremsha tanga upesi. Na roda iwe kubwa. Kamba nene ikipita kwenye roda ndogo hujikunja vibaya na kufa ndani kwa ndani, nje unaiona nzima. Mimi nafuata kipimo cha roda yenye upana mara 8 ya unene wa kamba: kamba ya milimita 14, roda ya sentimita 11 hivi.

Foromali, mti unaobeba tanga, fungua kamba zote zilizoibana, hasa pale inapofungwa henza, kamba ya kulipandishia tanga. Maji hulala chini ya fundo, na mti huoza hapo huku kwingine ni mzima. Usiipake rangi nzito, itaficha nyufa. Mimi napaka sifa, mafuta ya papa, ingawa wageni wa mahoteli hukunja pua. Waache wakunje.

Tanga nimeliacha mwisho, na mara nyingi halihitaji kununuliwa. Uzi huuawa na jua kabla ya kitambaa. Chokonoa mshono kwa ukucha. Ukikatika, mpelekee fundi alishone upya mistari yote, utapata misimu mingine. Usiku lifunike, na mchana pia kama huendi safari.

Poliesta ile bado ninayo kwenye demani, ila haifungwi tena moja kwa moja kwenye chombo. Kati yake na kifungo chake tumeweka kipande cha makumbi, urefu wa dhiraa mbili. Upepo ukizidi, hapo ndipo patakapokatika. Kusi likiisha nakitoa, nafunga kingine.