Klabu yetu ya hotuba ilibaki na watu saba: yaliyotufaa na yaliyotupotezea pesa

Dada uliyeanzisha uzi, umesema klabu yenu ya South B ina watu tisa kwenye orodha lakini wanaofika ni watano, mwenyekiti yuko mwaka wake wa tatu, na sasa mnataka kuchanga shilingi 20,000 mlipie matangazo Facebook. Wengi hapo juu wamekuambia mtangaze zaidi. Mimi nakuomba hiyo pesa isitoke bado, kwa sababu njia hiyo tumeipita na najua inakofika.

Sisi tuko chini ya Toastmasters, shirika la kimataifa la klabu za kujifunza kuhutubu, tunakutana Jumanne jioni upande wa Ngara. Mwaka 2022 tulibaki saba. Kwa kanuni zao, ili klabu ihesabike kuwa hai inatakiwa iwe na wanachama wanane waliolipa ada kila Oktoba mosi na Aprili mosi. Basi tulifanyaje? Wa nane tukamlipia wenyewe, shemeji wa mweka hazina, mtu ambaye mpaka leo sijamwona uso. Nasema haya kwa aibu ili ujue tulikuwa tumefika wapi.

Tulitengeneza bango, tukalipia matangazo, tukaandaa siku ya wageni. Wakaja watu 41. Mandazi yaliisha kabla ya hotuba ya pili. Waliojiunga ni wawili, na mmoja wao alikuwa anahamia Mombasa mwezi uliofuata.

Kilichotufungua macho ni daftari la wageni. Stima zilipotea usiku mmoja nikiwa nalo nyumbani, nikawasha tochi ya simu nikaanza kuhesabu majina. Katika miezi 14 tulikuwa tumepata wageni 63. Waliorudi hata mara ya pili walikuwa tisa. Kumbe watu walikuwa wanakuja tu! Tulikuwa tunateka maji kwa pakacha.

Nikaanza kuwapigia, wanne kila jioni baada ya chakula. Si meseji, nilipiga simu. Wengine hawakunikumbuka, wengine walidhani ni mambo ya mkopo wakakata. Wapatao ishirini walizungumza nami vizuri. Nilitarajia kusikia habari za jamu na kazi nyingi, na kweli zilikuwepo. Lakini dada mmoja anayesuka nywele Kenyatta Market aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Nilikuja kujifunza kuongea, nikakuta watu wanaojua kuongea wakipongezana." Nikakumbuka siku yake. Tulimwita mbele bila kumuuliza kama yuko tayari, tukamrushia swali la Kiingereza kuhusu uongozi na teknolojia, akasimama kama sekunde kumi, akasema "sorry", akarudi kukaa. Mtu mmoja alicheka. Nikiwa mkweli, nadhani hata mimi nilitabasamu.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hatukuwa na haraka ya kuziba. Klabu ya watu saba ni tamu kwa wale saba. Kila wiki unapata nafasi ya kuhutubu, hakuna mgeni wa kumwelekeza, vichekesho vya ndani kila mtu anavijua. Tulilalamika kwamba tunapungua, na huku kila aliyeondoka alikuwa anatupunguzia mzigo. Kabla hamjatafuta mtu wa kumi, muulizane kwanza kama kweli mnamtaka.

Toastmasters wana utaratibu wa kuipa klabu iliyodhoofika, yenye wanachama 12 au pungufu, kocha kutoka klabu nyingine. Wetu alikuwa mzee mstaafu, mpole sana. Mkutano wa kwanza hakusema lolote, alikaa nyuma na saa yake. Mwishoni akatusomea hesabu: kati ya dakika 120, dakika 54 zilikuwa za viongozi. Salamu, matangazo, kumkaribisha wa kumkaribisha mgeni rasmi ambaye hayupo, na hii tabia yetu Wakenya ya "itifaki zote zizingatiwe" kisha mtu anaitaja itifaki nzima hata hivyo. Mgeni aliyetoka Kasarani kwa matatu mbili alikuwa ametazama viongozi wakitambulishana kwa karibu saa nzima. Fanya hesabu hiyo kwenye mkutano wenu ujao. Huhitaji kocha, mpe mtu saa ya simu aibonyeze kila kiongozi akianza na akimaliza.

Tulichobadilisha kwanza ni kipindi cha maswali ya papo kwa papo. Kama hukijui, mtu anapewa swali asilolitarajia na kulijibu kwa dakika moja hadi mbili: taa ya kijani ikiwaka dakika ya kwanza imetimia, njano ni dakika moja na nusu, nyekundu ni dakika ya pili. Sisi hutumia kadi za rangi kwa sababu zile taa zinahitaji soketi, na soketi ya ukumbi wetu ina hadithi yake. Sasa mgeni anaulizwa mlangoni, kwa sauti ya chini, kama angependa kujaribu. Akikataa, haguswi. Akikubali, hawi wa kwanza. Wanachama wawili wanatangulia, na ikiwezekana mmoja wao awe mtu wa kukwama kwama, ili mgeni aone kwamba kukwama hakuui. Na swali lake ni la maisha yake. "Tuambie kitu ulichokiona kwenye matatu ukija hapa." Hakuna mtu wa Nairobi asiye na jibu la swali hilo! Kuna kijana alituambia kuhusu kondakta aliyemrudishia mama nauli kwa sababu walitoka kijiji kimoja, akapitiliza hadi kadi nyekundu na hakuna aliyetaka anyamaze. Huyo ndiye katibu wetu leo.

Pili, tathmini. Kila hotuba kwetu hupata mtathmini wa dakika mbili hadi tatu, na wetu walikuwa aina mbili: wa "ulijitahidi sana, hongera" na wa kumchuna mtu ngozi. Wote hawafundishi. Tulikubaliana mtathmini ataje sehemu moja ya kurekebisha, aitaje hasa, na mhutubu airudie palepale. Mfano halisi: "Ulipofika pale baba alipouza ng'ombe upate karo, ulitazama karatasi. Simama, useme sentensi ile tena ukitutazama." Akaisema. Ukumbi ukanyamaza. Dakika ile moja ilifanya kazi kuliko mabango yetu yote, maana wageni wawili walikuwepo na wote walijiunga.

Jambo la tatu lilileta vita. Tulikuwa tunaendesha kila kitu kwa Kiingereza. Nikapendekeza Jumanne moja kila mwezi iwe ya Kiswahili tupu, kuanzia salamu hadi ripoti ya mtunza saa. Wakongwe wawili walipinga, wakisema tutaonekana klabu ya mtaani. Tukajaribu hivyo hivyo. Jamani, ile Jumanne ya kwanza! Mabingwa wetu wa maofisini, watu wa kuvaa tai, walikuwa wanatoka jasho. Yule mwanachama kazi yake kuhesabu "aaa" na "eee" alimhesabia meneja mmoja "yaani" mara 23 katika hotuba ya dakika sita. Na fundi wa umeme mmoja kutoka Kaloleni, ambaye kwa Kiingereza alikuwa anajificha nyuma ya nguzo, alisimama akasimulia alivyopigwa na stima juu ya paa, watu wakalia kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemtazama mwenzake kwa dharau, kwa sababu kila mmoja alijua lugha inayomtoa jasho. Wale wakongwe wawili, sitakuficha, waliondoka baadaye. Mmoja tulimpoteza bure, ningemtembelea nyumbani ningembakiza.

Muda: tulipunguza hadi saa moja na robo, tunamaliza saa mbili kasorobo usiku. Mvua ikinyesha nauli inapanda na mtu anawaza stendi tangu hotuba ya kwanza. Ukimwachilia mapema atarudi.

Ada nayo. Makao makuu yanataka dola 60 kwa miezi sita, na mwanachama mpya anaongeza dola 20 za kuingia. Ukimwambia msusi au fundi atoe zaidi ya shilingi 7,000 kwa mkupuo, na Aprili, wakati shule zinadai karo, umemfukuza kwa adabu. Tukafanya tunachokijua wote, chama cha kuchanga kidogo kidogo. Shilingi 300 kila wiki kwa M-Pesa ya mweka hazina, wiki 26, inafika 7,800. Jina la aliyechelewa halisomwi mbele ya watu. Ninyi hamko chini ya mtu, kwa hiyo ada yenu ni ya ukumbi na chai tu, hapo mmetushinda.

Tulijaribu pia mkutano wa nusu Zoom nusu ukumbini ukatushinda, kila mara mtu fulani hasikiki. Tukaacha.

Kuna Jumamosi moja tuliyowapeleka wanachama Jeevanjee Gardens kuwasikiliza wale wa Bunge la Mwananchi, raia wa kawaida wanaojadili siasa hadharani. Hawana kipaza sauti wala mtunza saa. Mtu akianza kuzunguka, wasikilizaji wanageuza mgongo na kuhamia benchi jingine. Mwanachama wetu mmoja aliomba nafasi, akaanza na itifaki, na kabla hajamaliza kuitaja wamebaki wawili, mmoja akiwa anauza njugu. Alirudi amebadilika kuliko ambavyo ningembadilisha kwa mwaka mzima. Nendeni, ni bure.

Sasa mwenyekiti wenu, maana naona hilo ndilo umeliandika kwa woga zaidi. Kwetu kanuni inamzuia mwenyekiti aliyemaliza mwaka wake kuchaguliwa tena kwa mwaka unaofuata, kwa hiyo hatukulazimika kugombana. Ninyi hamna kanuni hiyo. Lakini ujue kwamba hata Ralph Smedley, aliyeanzisha Toastmasters mwaka 1924 katika YMCA ya Santa Ana, California, alikuwa ameanzisha vikundi kama hivyo katika miji mingine aliyofanyia kazi kabla ya hapo, na kila alipohama vilizimika. Mwenyekiti mzuri sana naye ni hatari, kwa sababu vitu vyote viko kichwani mwake. Msimpindue. Mwombeni awe mlezi wa wanachama watatu wapya, kwa majina, na mumpe mtu mwingine ufunguo wa ukumbi na ratiba ya zamu. Wetu wa zamani ndiye anayewapokea wageni getini sasa, na kusema kweli anaifanya kazi hiyo vizuri kuliko alivyoongoza.

Leo tuko 23. Wiki za mwisho wa mwezi tunafika 15, na Januari tunakuwa kumi tu.

Kuhusu zile 20,000: ondoa elfu moja ya kredo ya simu, umpigie kila aliyewahi kuandika jina kwenye daftari lenu, na usimwalike mpaka amekwambia kwa nini hakurudi. Kama hamna daftari, nunueni, ni shilingi mia na kidogo pale River Road. Zilizobaki wekeni. Ukishamaliza simu hizo, rudi hapa utuambie walisema nini, ndipo tuzungumze habari ya Facebook.