Kabla Hujaagiza DNA, Amua Utaiunganishaje

Wanafunzi ninaowasaidia hapa Nairobi, wengi wao wakitaka bakteria wa kutambua sumukuvu kwenye mahindi, huanza kwa kuniuliza waagize jeni ipi. Nami huwauliza: mtaunganisha vipi vipande vyenu vya DNA? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua mengine yote.

Mwaka 2003 Tom Knight wa chuo cha MIT, Marekani, alipendekeza kila kipande cha DNA kiwe na miisho ya aina moja, yenye mahali pa kukatwa na vimeng'enya vinavyokata DNA: mbele EcoRI na XbaI, nyuma SpeI na PstI. Mkato wa XbaI na ule wa SpeI hushikana, na ikishashikana hakuna kimeng'enya kati ya hivyo viwili kinachoweza kukata pale tena. Ndiyo maana promota (kipande kinachowasha jeni) iliyotengenezwa Marekani huungana na jeni yako bila kubuniwa upya. Ni jambo kubwa sana kwa maabara isiyo na fedha.

Ila mfumo huo huacha kovu kwenye kiungo, na ndani ya kovu mna TAG, kodoni (herufi tatu) ya kukomesha utengenezaji wa protini. Ukitaka protini mbili zisomwe kama moja, usiutumie. Nenda kwa mbinu ya Golden Gate: kimeng'enya chake, BsaI, hukata nje ya pale kinapojishikiza, na herufi nne za kuunganishia unazichagua mwenyewe.

Halafu ikague jeni yako kwenye kompyuta. Juzi binti mmoja alikuta GAATTC, herufi ambazo EcoRI hukata, katikati ya jeni yake, na EcoRI kingeipasua papo hapo. Kwa jinsi jeni ile inavyosomwa, herufi hizo ni asidi amino mbili, glutamati na fenilalanini, kwa hiyo akageuza A ya pili kuwa G. GAGTTC: protini ni ile ile, na EcoRI hakiitambui tena. Hakutoa hata shilingi, ilhali kuagiza upya ni kulipa kwa dola na kusubiri. Kwa BsaI tafuta GGTCTC na pia GAGACC, maana uzi wa pili nao husomwa.

Promota anza na za familia ya J23100, na mwishoni mwa jeni weka B0015, kipande cha kukomesha usomaji wa jeni. Zimetumiwa na wengi. Hata hivyo, soma upya mfuatano wa kila kipande unachopewa, na nguvu ya promota ipime ndani ya bakteria wako mwenyewe, kwani hubadilika.

Na makaratasi yaanze mapema. Tangu sheria ya mwaka 2009, kazi ya kubadilisha jeni huhitaji idhini ya National Biosafety Authority, mamlaka ya Kenya ya usalama wa viumbe waliobadilishwa jeni, hata ikiwa ndani ya maabara. Anzia kwa kamati ya usalama ya chuo chako, kabla ya kuagiza chochote.