Barua kwa mwanangu: mbu au nyigu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Ujumbe wako tumeusoma mimi na mama yako, yeye akaurudia tena peke yake. Umesema msimamizi wako amekupa njia mbili: uingie kwenye mradi wa mbu wa malaria, wenye ufadhili wa uzamili wote, posho na gari la kwendea uwandani, au uchukue ile nafasi ndogo ya wadudu wa udongoni ambayo hata ada hujui itatoka wapi. Kisha ukaniuliza: "Baba, ungekuwa ndiyo unaanza leo, ungerudia nyigu wako na vidudu vyako vya chini ya ardhi, au ungekwenda na wenzako kwenye mbu?"

Ningerudia. Ila usimwandikie msimamizi wako kabla hujamaliza kusoma, maana jibu langu juu yangu si lazima liwe ushauri wangu kwako.

Watu wakinisifia kwa kazi hii hunitajia muhogo, na mimi mwenyewe nimeutaja kwenye kila andiko la mradi nililowahi kupeleka kwa mfadhili. Kisa unakijua nusu, acha nikupe chote. Kidung'ata wa mihogo, mdudu mdogo mwenye unga mweupe mwilini, alifika Afrika kutoka Amerika ya Kusini, akaonekana maeneo ya Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anafyonza utomvu kwenye ncha ya shina, mate yake yana sumu, na muhogo unadumaa, majani ya juu yakijikunja fundo. Kwa watu kama sisi ambao ugali wa muhogo ndio chakula chenyewe, hiyo ilikuwa njaa inatembea. Wataalamu wakaamua wamtafute adui yake kule alikotoka. Wakaanza kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakakuta kidung'ata kwenye muhogo, wakakuta na nyigu wanaomshambulia. Wakawachukua. Nyigu wale hawakuzaliana kwa kidung'ata wa Afrika hata kidogo.

Waainishaji walipowaangalia wale vidung'ata vizuri ikaonekana kumbe ni spishi mbili. Yule wa kaskazini ana majike na madume. Huyu wetu ni majike watupu, wanazaa bila dume. Mwaka 1981 ndipo kidung'ata mwenyewe alipopatikana Paraguai, pamoja na kinyigu anayeitwa Anagyrus lopezi. Baada ya kupitishwa karantini, kinyigu huyo aliachiliwa Nigeria mwaka huohuo, kazi ikiongozwa na Mswisi Hans Herren wa kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA, Ibadan, na baadaye akasambazwa katika nchi nyingi zinazolima muhogo. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Wafadhili wakisikia kisa hiki wanasikia ushindi. Mimi nasikia ule muda uliopotea kwa sababu waliokuwa na uwezo wa kutenganisha vidung'ata wawili wanaofanana walikuwa wachache mno. Tabora tulikuwa na kisa cha aina hiyohiyo, babu yako akiwa bado yuko reli. Dumuzi yule mkubwa, mdudu wa ghalani ambaye wakulima wengine walimpachika jina la Scania, alionekana Tabora kabla ya kwingine kote Afrika, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ametoka Meksiko na Amerika ya Kati. Mahindi ya ghalani yalikuwa yanageuka unga, hata muhogo mkavu hakuuacha, na swali la kila mtu lilikuwa: huyu ni nani? Nilikuwa kijana wa shule, na nilishangaa kwamba watu wazima wenye vyeo walikuwa hawalijui jibu.

Lakini hiyo ni sababu ya kuingia. Ya kubaki ni nyingine, na hiyo sikuwahi kuiandika kwa mfadhili.

Nenda kwenye muhogo wowote wenye vidung'ata, ukiwa na lenzi ya mkononi na uvumilivu. Anagyrus jike ana urefu wa milimita moja na kidogo. Anatua, anatembea juu ya jani huku vipapasio vikigonga mbele yake, kulia, kushoto, bila kupumzika. Akimkuta kidung'ata anampapasa kwanza, anampima ukubwa. Akiwa mdogo sana, mara nyingine anamtoboa tu na kunywa maji yake, basi. Akimfaa, anageuka nyuma, anachomeka mrija wa kutagia, anakaa sekunde chache, anaondoka. Kidung'ata anaendelea kula kama kawaida. Baada ya siku kadhaa anavimba, anakuwa wa kahawia na mgumu. Ukimgusa kwa sindano hasogei tena. Halafu siku moja unakuta tundu la duara kwenye lile gamba, kingo zake safi kabisa, na mwenye nyumba ameshatoka. Nyigu wa namna hii hawajengi viota vya kuogopesha watu wala hawakuumi. Jamii moja tu ya hao nyigu vimelea, Ichneumonidae, ina spishi zaidi ya 25,000 zilizokwisha kupewa majina, na kila anayetega mitego kwa bidii katika misitu yetu ya miombo anapata wasio na jina. Kuna wengine wadogo hadi akili inakataa. Dume wa Dicopomorpha echmepterygis, aliyepatikana Marekani, ana milimita 0.139; hana mbawa wala macho, na ndiye mdudu mdogo kuliko wote wazima wanaojulikana.

Chini ya ardhi nilikwenda baadaye, na nilipelekwa na nyigu haohao. Wapo wanaowinda humo. Jike wa jamii ya Scoliidae anachimba udongo mpaka amfikie lile buu jeupe nene la mbawakawa, lile mnalolikuta mkilima. Anamchoma akapooza, anataga yai juu ya mwili wake, anamwacha hukohuko. Wengine, wa jamii ya Diapriidae, baadhi yao wamekutwa hata kwenye makundi ya sisimizi. Wamo waliopoteza mbawa kabisa, maana mbawa ndani ya udongo ni mzigo, na ukiwa na haraka utawahesabu kuwa sisimizi. Ukishaanza kupekua udongo kumtafuta mmoja wao huwezi kuacha kuwaona waliobaki: kolembola, vidudu vidogo visivyo na mbawa, ambao mita moja ya mraba inaweza kubeba makumi ya maelfu, wengi wao wakiwa na kijiti kilichokunjwa chini ya tumbo cha kuwarusha wakitishwa, tandu wadogo weupe wasio na macho, mchwa, bila shaka. Wageni hulipa fedha nyingi wapande boti kutoka hapa Kigoma kwenda Gombe kumwona sokwe mtu, kwa sababu mwaka 1960 Jane Goodall alimwona pale akichomeka kijiti kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Nami nimekwenda huko na wageni, na nakiri macho yangu yalikuwa kwenye kile kitundu. Mchwa wale wanalima kuvu ndani ya kichuguu, kuvu ileile inayotoa uyoga mpana tunaonunua barabarani mvua zikianza. Sokwe ni mnyama mzuri, sikatai.

Sasa kazi yenyewe ya kila siku. Ule mtambo wangu uliokuwa unakuudhi utotoni kwa harufu unaukumbuka: faneli, wavu juu yake, udongo juu ya wavu, taa juu ya udongo, chupa ya spiriti chini. Mwitaliano Berlese aliubuni mwaka 1905 kwa kutumia maji ya moto. Taa iliwekwa na Mswidi Tullgren mwaka 1918. Joto linakausha udongo kuanzia juu, viumbe wanaufuata unyevu kuelekea chini, mwisho wanadondoka. Kwa umeme wa jenereta tuliokuwa nao Kigoma miaka ile nilijifunza kutoutegemea, nikatumia mifuko ya kitambaa ya Winkler, ambayo unaitundika tu na takataka za majani zinajikausha zenyewe. Kukusanya kunafurahisha kila mtu. Baada ya hapo chupa inamwagwa kwenye sahani, unaiweka chini ya hadubini, unashika kibano, na unaanza kutenganisha. Mchanga, vipande vya mizizi, miguu ya wadudu isiyo na wenyewe, na katikati ya hayo yote kinyigu mmoja ambaye ukimbana vibaya anapoteza kipapasio, na bila kipapasio hana maana tena. Sahani moja inaweza kula asubuhi nzima.

Mimi hapo mezani nilikuwa mtu mwenye raha. Sina maelezo bora kuliko hayo. Nimewaona wenzangu wenye akili kunizidi, wanafunzi wangu wengine walikuwa wakali kabisa wa takwimu, wakikaa mezani wanaanza kuangalia simu. Si kosa lao.

Gharama zake nazo uzijue. Kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri mwandamizi nilitembea taratibu kuliko wa rika langu, maana kamati huhesabu machapisho, na makala ya nyigu mmoja mpya inaweza kukaa miaka. Huwezi kumtangaza kuwa mpya mpaka umlinganishe na wale wa mwanzo ambao majina yalifungwa kwao, na wengi wa hao, waliochukuliwa hapa hapa Afrika, wamo kwenye makabati ya makumbusho ya London, Paris na Tervuren kule Ubelgiji. Unaomba picha, unasubiri. Unaomba nauli ya kwenda kuwaona, unasubiri zaidi. Kuna jarida moja la nje lilinirudishia makala baada ya muda mrefu kwa maneno kwamba eneo la utafiti "halina mvuto kwa wasomaji". Ilhali mwenzangu wa mbu alikuwa ananunua friji mpya ya maabara. Mama yako anasema niandike pia kwamba friji ya nyumbani ndiyo iliyokuwa maabara yangu, na kwamba samaki wake, migebuka, wamelala jirani na vichupa vyangu miaka yote ya ndoa. Nimeandika.

Kwa hiyo ushauri wangu, na huenda hukuutegemea: chukua mbu.

Sisemi hivyo kwa ajili ya gari wala posho, ingawa ada ni ada na pensheni yangu unaifahamu. Kazi nzuri ya mbu nayo ina meza. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis huwezi kuwatenganisha kwa macho, inabidi vinasaba, na ufundi huo wa vinasaba ndio ambao mimi sikuupata mapema na nyigu wanaulilia: kuna spishi ambazo dume na jike wamekuwa wakiandikwa kwa majina mawili tofauti kwa sababu hawafanani hata kidogo. Ukiwa na ufundi huo, nyigu hawakukimbii. Wamekuwepo, watakuwepo.

Lakini weka sharti. Mitego ya taa inayotegwa kwa ajili ya mbu haikamati mbu peke yao. Asubuhi unakuta mfuko umejaa nondo, mbawakawa, visubi na vinyigu visivyohesabika, na miradi mingi huchambua mbu, kilichobaki kikamwagwa. Mwombe msimamizi wako kwa maandishi, kabla hujasaini chochote, kwamba mabaki yote ya mitego yawe yako, yahifadhiwe kwenye ethanoli ya asilimia 95 (ya 70 inafaa kwa maumbo, ila vinasaba huharibika), kila chupa ikiwa na lebo ya karatasi ndani yake: mahali, tarehe, aliyetega. Ndani ya chupa, si nje. Wino wa nje hufutika. Uliza pia sampuli zitabaki wapi mradi ukiisha. Akikwambia zote zinakwenda nje ya nchi, jadiliana. Akikataa mabaki kabisa, nipigie kabla ya kumjibu.

Na kabla ya hayo yote nataka uje. Chuo kikifungwa, panda treni, usije na basi, mgongo wako si wa chuma. Kuna chupa za udongo wa Kasulu stoo ambazo sijazifungua. Hadubini nitakuachia, mimi nitakaa barazani na kahawa, sitakusimamia. Utachambua kwa wiki moja, asubuhi na jioni, halafu utaniambia mwenyewe ilipofika saa kumi, macho yamechoka na sahani bado imejaa, ulikuwa unajisikiaje. Ukiniambia ulichoka ukataka kulala, mradi wa mbu una kazi nyingine nyingi za heshima, za takwimu na za vijijini, na mabaki ya mitego utampa mwingine anayeyataka.

Mama yako anakusalimu. Anasema ulete vitenge viwili vya rangi aliyokutajia, na mimi niletee vibano vyenye ncha kali, namba 5, na usinunue vile vya saluni. Fedha nitakutumia kwa simu ukinitajia bei.

Ni mimi baba yako