Kabla hujasema ringi zimeisha

Kijana unayeanza kazi ya gereji Nairobi, kabla hujaandika kwenye kadi ya kazi kwamba injini imechoka, kumbuka uko wapi. Tuko kama mita 1,600 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na namba nyingi utakazosoma kwenye vitabu vya injini ni za hewa ya pwani.

Jambo hili nilijifunza kwa hasara ya mtu mwingine, na hadi leo linaniuma. Mwaka wangu wa pili kazini ililetwa Toyota Fielder yenye injini ya 1NZ-FE. Mama mwenye gari alilalamika kuwa linakuwa zito kwenye kilima. Nikapima kompresheni, yaani presha ambayo pistoni hujenga ndani ya kila silinda: 172, 170, 174, 171. Kitabu kinasema injini hiyo ikiwa nzima isome 213 kwa psi, kipimo cha presha, nami nikamwambia ringi, zile pete za pistoni zinazozuia presha isivuje, zimeisha. Tukafungua injini, akanunua ringi, gasketi na beringi. Tulipofunga na kupima tena, geji ikasoma 175, na gari zito vilevile. Kumbe ni sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Kuisafisha ni kazi ya dakika kumi.

Injini isiyo na turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, haina uwezo wa kujiongezea hewa. Inajazwa na presha ya hewa ya nje tu. Mombasa presha hiyo ni takribani kilopaskali 101. Nairobi ni 82 au 83, na ukipanda Limuru inashuka hadi karibu 77. Silinda ni zilezile, lakini kinachoingia ndani kimepungua karibu moja ya tano, na nguvu hupungua hivyohivyo. Kompresheni nayo haiwezi kubaki palepale: ile 213 ya kitabuni, hapa kwetu ni kama 175. Ile Fielder ilikuwa nzima siku niliyoihukumu.

Kwa hiyo angalia zaidi tofauti ya silinda kwa silinda. Kitabu hichohicho kinataka isizidi psi 14. Unapopima, injini iwe imepata joto, toa plagi zote, zima petroli, kanyaga mafuta hadi chini, betri iwe na nguvu. Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, shuku ringi. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya kichwa. Usiruke hatua hata moja kwa sababu mteja amesimama mlangoni.

Sasa turbo. Wapenzi wa Subaru watakuambia kwamba turbo haisikii mlima. Mimi ni mmoja wao. Impreza ya bluu aliyoshinda nayo Colin McRae Safari Rally ya 1997 ndiyo iliyonivuta kwenye kazi hii. Ila kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Turbo inaweza kurudisha hewa iliyopotea, lakini lazima izunguke kasi zaidi, na joto lake hupanda. Oili ndiyo inayoilinda, ndiyo maana gari la turbo silipitishi kilomita 5,000 bila kumwaga oili. Na mtu akikuomba umwongezee busti, yaani presha ya turbo, mkumbushe kwamba Subaru STI ya Japani ilipangiwa petroli inayouzwa kule, ya oktani (kipimo cha petroli kustahimili bila injini kugonga) kama 100. Mimi siongezi chochote kabla ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli injini ikibeba mzigo, na kuhakikisha haigongi, yaani petroli hailipuki ovyo ndani ya silinda. Wengine huenda gereji nyingine, na sijutii.

Kila asubuhi, chukua gari lenye sensa ya presha ya manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini), unganisha skana ya kusomea sensa, washa swichi bila kupiga stata. Namba utakayoiona ndiyo hewa ya siku hiyo; iandike kwenye kadi kando ya kompresheni, ili atakayelifungua gari hilo mwakani ajue ulipima katika hewa gani. Ikisoma kilopaskali 100 hapa Nairobi injini ikiwa imezimwa, sensa inadanganya. Anza nayo.