Si lazima usomee udaktari

Dada, umeuliza kama kwa C+ yako ya kidato cha nne unaweza kuwa mtaalamu wa saikolojia hapa Kenya, au ni lazima usomee udaktari. Unaweza. Udaktari ni wa anayetaka kuandika dawa, yaani daktari wa magonjwa ya akili.

C+ inakuingiza shahada ya kwanza ya saikolojia. Wengi hukosea hapo: wakishavua joho wanatafuta ofisi ya kupangisha. Kutibu hasa hujifunzwa kwenye uzamili, kama ule wa saikolojia ya tiba pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Unakaa na mgonjwa, kisha msimamizi anakuhoji: mbona ulimkatiza mama alipoanza kulia? Mbona ulikimbilia mawaidha? (Sisi tuliolelewa na mashangazi wenye majibu ya kila kitu hupata taabu sana hapo.)

Karo ikikubana, anza na diploma ya ushauri nasaha, upande polepole. Ila kabla ya kulipa popote, uliza saa za mazoezi ni ngapi na nani anasimamia. Wakibabaika, ondoka. Tena, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 inadai usajili, kwa hiyo hakikisha kozi yenyewe inatambuliwa.